Kinywa Kinachonuka: Shilingi Yako Iende Wapi?

Simama dakika chache pembeni ya kaunta ya duka la dawa Kariakoo, jioni watu wanapotoka kazini, utamtambua anayenunua dawa ya kinywa. Mwenye malaria husema malaria. Mwenye vidonda vya tumbo husimulia tangu vilipoanza mpaka walio nyuma yake wanaguna. Huyu wa kinywa husubiri watu wapungue, hupitisha kiganja mdomoni, kisha huonyesha kwa kidole: "Dada, naomba ile ya kijani." Muuzaji haulizi ya nini. Anauliza kubwa au ndogo. Fedha inapokelewa bila mtu yeyote kutaja tatizo, na baada ya wiki mbili mteja yuleyule amerudi.

Hizo wiki mbili si za kukisia. Chupa nyingi zina maelekezo yanayofanana: mililita 20, asubuhi na usiku. Ni mililita 40 kwa siku, kwa hiyo chupa ya mililita 500 inakata siku ya 13. Mwaka mzima ni chupa 29 na ushee. Tuiwekee chupa bei ya mfano ya shilingi 15,000, basi mwenye kufuata maelekezo bila kuruka siku atatumia zaidi ya shilingi 435,000 kwa mwaka. Wengi hawajui kama wanatumia kiasi hicho kwa sababu hakuna siku waliyokitoa kwa mkupuo. Waambie watoe robo ya fedha hiyo kwa daktari wa meno siku moja, watakuambia meno ni anasa ya matajiri.

Bei zote nitakazotumia humu ni za mfano, za kukaribia hali ya Dar es Salaam. Masaki si Mbagala, na mikoani kuna vitu vinapanda na vingine vinashuka. Chukua karatasi uweke bei ya duka lako. Ujazo wa chupa na hesabu ya siku havitabadilika.

Nisiwaonee wauza chupa. Ukisukutua, bakteria wa kinywani hupungua kweli, na mnanaa hufunika harufu iliyobaki, ukaingia kwenye kikao bila wasiwasi. Saa chache baadaye waliosalia wameshazaliana, maana makazi yao hayajaguswa. Listerine, mojawapo ya dawa kongwe za aina hii, ilitengenezwa Marekani mwaka 1879 kwa ajili ya kuua vijidudu, ikapewa jina la Joseph Lister, daktari mpasuaji wa Uingereza. Ilipofika miaka ya 1920 wenye kampuni walishagundua kwamba aibu inalipa kuliko vidonda. Wakajaza magazeti matangazo ya wasichana waliokosa wachumba kwa sababu ya pumzi zao, na mauzo yakapaa. Karne moja imepita na bado tunanunua kwa aibu ileile. Mtu mwenye aibu hasomi lebo, wala haulizi bei ya jirani.

Sasa harufu yenyewe inatoka wapi? Mwaka 2009 madaktari wa kliniki moja ya Leuven, Ubelgiji, inayoshughulika na tatizo hili tu, walichapisha matokeo ya wagonjwa wao 2,000. Kwa karibu 76 katika kila 100, chanzo kilikuwa kinywani: ukoga wa ulimi, fizi zilizougua, au vyote viwili. Walio na chanzo puani, kooni au sehemu nyingine ya mwili walikuwa kama 4 tu. Na kama 16 hawakuwa na harufu yoyote ya kupimika. Hao nitawarudia, kwa sababu ndio wanaotumia fedha nyingi kuliko wote.

Ulimi ndio unaoongoza. Sehemu yake ya nyuma, ambayo mswaki wa kawaida haufiki bila kukutapisha, ni kama zulia la manyoya: mabaki ya chakula, seli zilizokufa na makohozi yaliyoteremka kutoka puani hunasa humo. Bakteria wanaoishi pasipo hewa huvunja protini za uchafu huo na kutoa gesi za salfa. Mojawapo ni hidrojeni salfaidi, ile ya yai viza. Nyingine ni methili merkaptani, yenye harufu ya kabichi iliyooza, nayo hupatikana zaidi kwa wenye ugonjwa wa fizi. Mate ndiyo yanayosafisha kinywa siku nzima. Usiku hupungua, ndiyo maana kila binadamu huamka na kinywa kizito. Kikiondoka baada ya kupiga mswaki na kunywa chai, huna ugonjwa, funga pochi.

Nimetaja hesabu ya Leuven makusudi, kwa sababu hapa kwetu lawama huenda tumboni. "Tumbo lako chafu," mtu ataambiwa, na hapo hapo ameuziwa unga wa kusafisha tumbo, dawa ya minyoo, na mchanganyiko wa mizizi wa chupa ya lita moja na nusu. Umio hauko wazi muda wote kupandisha hewa ya tumboni. Unafunguka tunapomeza na tunapocheua. Mwenye kiungulia kikali anaweza kupata ladha chungu na harufu, hilo lipo. Ila kuanza na tumbo wakati kinywa hakijatazamwa ni kununua tairi kabla ya kujua kama gari lina petroli. Dawa ya minyoo inywe kwa ajili ya minyoo.

Kipimo cha kwanza ni bure. Pua huizoea harufu ya mwili wake, kwa hiyo kupumulia kiganja hakusaidii sana. Chukua kijiko kisafi, kwangua ulimi kwa nyuma taratibu, subiri utelezi ukauke kidogo, kisha nusa. Pitisha uzi wa meno katikati ya magego ya nyuma, nusa huo nao. Ukiona damu kwenye uzi, fizi zimeshajitaja. Halafu mtafute wa kukuambia ukweli. Mke au mume mara nyingi amekwisha kuzoea, au anaogopa kukuumiza. Rafiki wa kazini atazunguka mbuyu. Wenye faida hapa ni watu wa utani: Mpare amuulize Mchaga wake, babu amuulize mjukuu. Mjukuu wa miaka sita hana siasa. "Babu, mdomo wako unanuka," atasema mbele ya wageni, na umepata bila malipo jibu ambalo kliniki za nje zinalitafuta kwa mashine. Hata huko, pua ya mtaalamu anayeipa harufu alama kuanzia 0 hadi 5 bado ndiyo kipimo kinachoaminika zaidi.

Tukishajua iko, tushindanishe vitu vya dukani.

Kikwangulio cha ulimi kwangu ndicho cha kwanza, ingawa ndicho wauzaji wengi hukitafuta kwenye droo ya chini. Cha plastiki tuseme ni 3,000, nacho hupinda na kuchakaa baada ya miezi michache. Cha chuma kisichoshika kutu ni 8,000 na utakaa nacho miaka. Majaribio yaliyolinganisha kikwangulio na mswaki yanakipa kikwangulio ushindi mwembamba, na nafuu yake ni ya muda, kwa hiyo hufanywa kila siku. Kijiko cha chai kilichogeuzwa hufanya kazi ileile kwa bei ya sifuri. Anza nyuma kadiri unavyoweza kuvumilia, toa pumzi unapovuta mbele ili usitapike, suuza, rudia mara tatu au nne, na usikandamize mpaka ukatoa damu. Dawa ya mswaki haihitajiki kwenye ulimi.

Uzi wa meno unaonekana ghali kwa kuwa kiboksi ni kidogo. Kina mita 50. Kila usiku unakata kama sentimita 45, basi kimoja kinakupeleka usiku 110 hivi. Viboksi vinne kwa mwaka, kila kimoja 8,000, ni 32,000. Aliye na mianya mipana, labda kwa sababu fizi zimeshuka, atafaidi zaidi brashi ndogo za katikati ya meno, ambazo ni ghali zaidi lakini kila moja husuuzwa na kutumika tena kwa siku kadhaa. Kijiti cha kuchokolea meno cha hotelini hutoa nyama iliyokwama, basi. Hakisugui ubavu wa jino.

Kuhusu dawa ya mswaki watu hubishana sana bila sababu kubwa. Ukitumia kama gramu moja kila unapopiga mswaki, mara mbili kwa siku, mwaka ni gramu 730, yaani tyubu nane za gramu 100. Kwa 3,000 ni shilingi 24,000. Kitu cha kutafuta kwenye lebo ni floridi ya kati ya 1,000 na 1,500 ppm, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza. Kipo kwenye tyubu za bei ya chini kama kilivyo kwenye zinazotoka ng'ambo. Ukikuta na zinki, ni nyongeza nzuri kwa mwenye shida ya harufu, kwani zinki hukamata zile gesi za salfa zisipae. Rangi tatu kwenye dawa hazina kazi yoyote. Dawa ya mkaa ndiyo mtego wa miaka hii: mkaa uleule ambao bibi alisagia jikoni bure sasa umo kwenye tyubu nyeusi kwa bei mara mbili au tatu, baadhi haina floridi kabisa, na chembe zake hukwaruza jino. Sijaona sababu ya kuilipia.

Mswaki wa plastiki hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwa 2,000 ni 8,000 kwa mwaka. Pamoja na dawa yake ni 32,000.

Mswaki wa mti je? Vile vijiti vya msuwaki vinavyouzwa nje ya misikiti, Pwani na Zanzibar hata Garissa, vina sifa zao: mti wenyewe una kemikali zinazopunguza bakteria, na Shirika la Afya Duniani liliwahi, mwaka 1986, kuhimiza utumike pale ulipozoeleka. Anayejua kuutumia husafisha meno kwa kiwango cha kumshindanisha na mwenye mswaki wa plastiki. Lakini si bure kama tunavyodhani. Kijiti cha 500, kikikatwa ncha kila kinapochakaa, kinaishi wiki hivi. Wiki 52 ni shilingi 26,000. Tofauti na plastiki pamoja na dawa ni 6,000 tu. Floridi yake ni ndogo, na wengi husugua meno ya mbele yanayoonekana huku upande wa ndani na magego vikisahauliwa. Autumie anayeupenda, akipiga na mswaki wenye dawa ya floridi usiku kabla ya kulala amekamilisha. Mwezi wa Ramadhani ndipo unapofaa kupita vitu vyote, mchana kinywa kikiwa kikavu. Aliyekula daku akalala bila kusafisha kinywa asiulaumu mfungo.

Chingamu na pipi za mnanaa hupita kimyakimya kwenye bajeti. Mia tano kwa siku ni 182,500 kwa mwaka. Chingamu isiyo na sukari ina faida ya kweli, inaleta mate. Pipi ya sukari inawalisha walewale unaotaka kuwaondoa. Karafuu inashinda zote mbili kwa bei. Fungu dogo la sokoni linakaa wiki kadhaa, punje moja inatafunwa taratibu baada ya chakula, na mafuta yake hupunguza bakteria kidogo mbali na kufunika harufu. Inafunika, lakini tusiipe kazi isiyoiweza. Kitunguu saumu, kwa mfano, hakifunikwi na chochote kwa muda mrefu, maana gesi yake huingia kwenye damu na kutokea mapafuni. Mswaki haufiki huko. Maziwa, tofaa au majani mabichi ya mnanaa pamoja na mlo huipunguza. Kilichobaki ni kungoja.

Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu, hutuliza fizi zilizovimba na hayana bei ya kutajwa.

Narudi kwenye chupa, kwa sababu zipo za aina mbili na muuzaji huzipanga rafu moja. Za rangi za kuvutia ni za kila siku. Baadhi zina pombe zaidi ya asilimia 20, kwa hiyo Mwislamu, aliyeacha ulevi na mwenye kinywa kikavu waombe isiyo na pombe, ambayo bei yake hukaribiana. Aina ya pili ni klorheksidini, kwa kawaida ya asilimia 0.2. Hiyo ni dawa kwelikweli. Mililita 10 mara mbili kwa siku kwa wiki mbili ni mililita 280, yaani chupa moja ya 300 ni dozi nzima. Huacha madoa ya kahawia kwenye meno na kupotosha ladha ya chakula ukiing'ang'ania, na isitumike papo hapo na dawa ya mswaki kwa sababu povu huidhoofisha. Acha nusu saa katikati. Nimeona watu wanainunua miezi sita mfululizo, kisha wanatafuta dawa ya kung'arisha meno. Ukitaka kulipia chupa, lipia hii mara moja, baada ya daktari kukusafisha. Mwaka 2019 jopo la Cochrane, linalopitia tafiti za tiba duniani, lilikusanya majaribio ya tiba za harufu ya kinywa na kukuta ushahidi wake ni dhaifu kwa karibu kila kitu kinachouzwa. Rafu ndefu, ushahidi mfupi.

Kuna bidhaa moja ambayo haiko kwenye rafu ila huombwa kwa sauti ya chini: Flagyl. Wanaonunua hawajakosea kabisa, na hilo ndilo linaloifanya iwe na hatari. Dawa hiyo huua bakteria wasiopenda hewa, harufu hupungua kwa siku kadhaa, mnunuzi anawaambia wenzake. Kisha bakteria hurejea kwenye ukoga uleule waliouacha, naye hurejea dukani. Kila duru inawapa nafasi ya kuizoea dawa ambayo siku moja ataihitaji kwa jipu au kwa fizi zinazooza ghafla na kutoa damu. Daktari akiiandika kwa sababu hizo, meza mpaka iishe. Usijiandikie.

Sasa kiti cha daktari. Ukoga laini unaoachwa kwenye jino hugeuka ugaga, mgumu, na ugaga hauondoki kwa mswaki, mkaa, ndimu wala chupa ya aina yoyote. Huondolewa kwa chuma. Daktari hukulaza, huwasha mashine yenye ncha inayotetema huku maji yakirushwa, mlio wake mwembamba unakera masikio kuliko unavyouma. Ugaga hupenda zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini, karibu na matundu ya mate. Hapo vipande vya njano na vyeusi hubanduka, unavitema na maji yenye damu, na ulimi unagusa mianya uliyoisahau tangu ujana. Siku chache maji baridi yatakuchoma. Wengi hapa hupiga kelele kwamba daktari "amenilegeza meno". Kama jino linacheza baada ya kusafishwa, mfupa wake ulishaliwa zamani. Ugaga ndio uliokuwa umelifunga kwa jirani yake.

Tuseme kliniki binafsi ya kawaida inatoza 70,000 kwa kusafisha kinywa chote na 20,000 kwa kumwona daktari. Kwa mara mbili kwa mwaka ni 180,000. Na wengi wenye fizi nzima hawahitaji mara mbili. Ongeza mswaki na dawa yake 32,000, uzi 32,000 na kikwangulio cha chuma 8,000, unapata 252,000. Zile chupa 29 peke yake zilikuwa 435,000. Baki ya 183,000 inatosha kuziba jino lililotoboka, ambalo nalo ni ghala la harufu. Hospitali ya umma itakushushia gharama zaidi. Tatizo lake ni foleni, na katika hospitali nyingi za wilaya kazi kubwa ya kitengo cha meno ni kung'oa, hivyo piga simu au tuma mtu aulize siku za kusafisha kabla hujapanda daladala.

Ukiwa mapokezi, uliza kama bei ni ya kinywa chote. Usafishaji wa kina, ule wa chini ya fizi unaofanywa kwa sindano ya ganzi, aghalabu hutozwa kwa robo ya kinywa, na mgonjwa aliyesikia 60,000 hugundua kwenye risiti kuwa ilikuwa mara nne. Uliza kama picha ya eksirei imo au iko nje. Mwenye bima aulize kama kusafisha kumo kwenye kifurushi chake, kwa kuwa kuna vifurushi vinavyolipia kung'oa bila neno huku vikiuita usafi wa meno urembo. Na yeyote anayekuuzia usafishaji wa kina lazima kwanza awe amepima fizi kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, akizunguka jino kwa jino. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Kuanzia 4 na damu ikitoka, kuna la kuzungumza. Asiyepima ila anajua tayari unahitaji robo zote nne, mshukuru uende kwingine.

Kitu kimoja usikilipie: rangi. Watu wa Arusha na Kilimanjaro waliokulia kwenye maji yenye floridi nyingi wana meno ya kahawia, na wengi wamedhaniwa wana vinywa vichafu. Madoa hayo yamo ndani ya jino na hayana harufu. Kung'arisha meno ni huduma nyingine, yenye bei nyingine, na haitibu pumzi.

Sasa wale 16 katika 100. Ni mtu anayekaa dirishani kwenye basi, anayesema kwa kuinamisha uso, anayeona kila aliyegusa pua amemlenga yeye. Ana chupa tatu nyumbani na moja kwenye begi. Amepiga mswaki mpaka fizi zimerudi nyuma. Mpe kila kitu kilichotajwa humu, hatapona, kwa maana hakuna kinachonuka. Huyu afanye kitu kimoja cha fedha: apimwe na daktari wa meno mara moja, aombe aambiwe waziwazi, mwenziwe anayemwamini akiwepo. Jibu likiwa hakuna harufu na wasiwasi ukabaki, mtaalamu wa afya ya akili atamfaa, na hata akilipia mara kadhaa huenda ikawa chini ya gharama ya mwaka wa chupa.

Mwenye meno ya bandia ana ushindi rahisi: ayavue usiku, ayasugue kwa mswaki na sabuni ya kawaida, ayalaze kwenye maji safi. Vidonge vya povu ni hiari. Mvuta sigara, mtafuna mirungi na mnywaji wa kila jioni wanakausha mate kwa fedha yao wenyewe, kisha wananunua chingamu ya kuyarudisha. Baadhi ya dawa za mafua, mzio, shinikizo la damu na msongo hukausha kinywa pia. Usiache dozi, mwambie aliyekuandikia. Na mtoto anayenuka ghafla, harufu ikitokea tundu moja la pua pamoja na makamasi machafu, mpeleke hospitali leo: huenda kuna shanga au punje ya hindi humo ndani.

Baada ya kusafishwa, na ulimi ukikwanguliwa kila siku, jipe wiki mbili umuulize tena yule mtani. Harufu ikiwa ipo, usikubali kulipia usafishaji wa pili. Omba kooni pamulikwe, kwani tonsesi zenye mashimo hutunza vijiwe vyeupe vinavyonuka vikibonyezwa, na kusukutua koo kwa maji ya chumvi hutosha kwa wengi kabla ya kufikiria upasuaji. Omba pua na sainasi zitazamwe. Na kama harufu ni ya matunda yaliyoiva mno, na una kiu isiyokwisha na mkojo wa kila saa, au kama kinywa kinanuka mkojo huku miguu ikivimba, acha habari ya meno kabisa; kapime sukari na figo siku hiyohiyo.